Barua ya wazi kwa vijana mnaomsifu Julius Caesar

Wajukuu zangu mnaosoma historia,

Salamu nyingi. Nawafuatilia mnavyobishana kuhusu nani alikuwa jemadari mkubwa kuliko wote, Scipio au Julius Caesar, wote Warumi wa kale, na naona wengi mmempa Caesar ushindi. Bishaneni, ujana ndio wakati wake. Lakini sasa mmefika mahali mnasema jamhuri ya Warumi ilikufa kwa sababu wanasiasa wake walikuwa waoga na wala rushwa, na kwamba alihitajika mwanamume mmoja mwenye upanga awanyooshe. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Nimefundisha somo hili mpaka nikastaafu, na ninachowasihi ni kimoja: mwacheni jemadari kwanza, mfuateni askari wake mpaka nyumbani. Mkifika, ulizeni shamba lake liko wapi, na amepewa na nani.

Anzeni na serikali yenyewe. Warumi walihesabu kwamba walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 KK, na tangu hapo wakaogopa sana mtu mmoja kushika kila kitu. Wakawa wanachagua makonsuli wawili, wakuu wa serikali na jeshi, kwa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Hata dikteta, aliyeteuliwa mambo yakiharibika, alipewa miezi isiyozidi sita. Mimi hofu ile naiheshimu. Ila msiipambe kupita kiasi. Katika baraza lililochagua makonsuli, kura zilihesabiwa kwa makundi, na makundi yalikuwa 193. Kwa mpango wa zamani, wapanda farasi na tabaka la juu la wenye mali walikuwa na makundi 98 peke yao. Wakikubaliana wao, kazi imekwisha, waliobaki wanarudi nyumbani bila hata kuitwa. Wasio na mali walisongamanishwa wote katika kundi moja.

Sasa lishikeni hili, maana ndilo linalofungua mengine: orodha ile ile ya mali ndiyo iliyoamua nani aende vitani. Mwenye shamba alijinunulia ngao na mkuki, akapigana, akapiga kura, akarudi kuvuna. Asiye na kitu hakuitwa jeshini isipokuwa kwa dharura kubwa. Mpango huo ulifaa vita vilipokuwa vya majirani. Mji wa Veii, waliouteka mwaka 396 KK, ulikuwa kilomita zipatazo 16 tu kutoka Roma.

Vita havikubaki vya majirani. Baada ya kuwashinda Walatini, majirani zao, mwaka 338 KK, Roma haikuwatoza washirika wake kodi ya fedha, iliwadai askari. Fikirini maana yake. Fedha unaweza kuiweka hazinani ikakaa, lakini askari wa kudai hawana faida kwako usipokwenda kupigana. Ongezeni hapo konsuli mwenye mwaka mmoja tu wa kujitafutia jina na gwaride la ushindi, mtaelewa kwa nini adui hakukosekana. Mwaka 264 KK walivuka kwenda Sicily kupambana na Carthage, dola ya Afrika Kaskazini. Mwaka 216 KK Hannibal, jemadari wa Carthage, aliwaua makumi ya maelfu kwa siku moja kule Cannae, kusini mwa Italia, na bado wakaandikisha wengine. Kufikia 197 KK walikuwa na majimbo mawili Hispania. Mwaka 167 KK, baada ya kuuvunja ufalme wa Macedonia, kaskazini mwa Ugiriki, raia wa Roma waliacha kulipa kodi ya vita. Mwaka huo huo askari wao walipora miji 70 ya Epirus, jirani ya Macedonia, na, kwa hesabu ya waandishi wa kale, watu 150,000 wakatiwa utumwani. Habari hizo mbili zisomeni pamoja, msizitenganishe.

Livy, mwanahistoria wao, ametuachia akida mmoja ninayempenda kuliko majemadari wote mnaowataja. Jina lake Spurius Ligustinus. Mwaka 171 KK anasimama kuzungumza mbele ya watu, umri umeshapita miaka 50, jeshini ametumikia miaka 22. Amepigana Macedonia, amepigana Hispania zaidi ya mara moja. Ametunukiwa na makamanda wake mara 34 kwa ushujaa. Ana wana sita na mabinti wawili. Na shamba? Ekari isiyotimia moja, pamoja na kibanda alichozaliwa na kulelewa humo, urithi wa baba yake. Mwenyewe anasema bado anaishi humo humo. Huenda Livy ameinakshi hotuba ile, waandishi wa zamani ndivyo walivyokuwa, lakini jiulizeni nani alikuwa akilima kijishamba hicho mzee akiwa Hispania. Na jiulizeni watumwa waliofurika katika mashamba makubwa ya matajiri walitoka wapi, kama si katika vita alivyoshinda yeye na wenzake.

Wanazuoni wanabishana mpaka leo ni wakulima wangapi hasa waliopoteza ardhi. Malalamiko lakini yalikuwepo, na mwaka 133 KK Tiberius Gracchus, tribuni, yaani mtetezi wa watu wa kawaida aliyechaguliwa nao, akaleta sheria: ardhi ya umma isimilikiwe na mtu mmoja kupita kiwango kilichowekwa, kinachozidi wagawiwe raia maskini. Maseneta, wajumbe wa Seneti, baraza la vigogo wa Roma, wakamvamia pamoja na watu wao. Plutarch, mwandishi wa kale, anaandika kwamba waliuawa zaidi ya 300 kwa marungu na mawe, na kwamba hakuna hata mmoja aliyeuawa kwa chuma. Maiti zikatupwa mto Tiber. Miaka 12 baadaye ikawa zamu ya mdogo wake, Gaius.

Basi tazameni kinachofuata. Mwaka 107 KK konsuli Gaius Marius, akitafuta watu wa kwenda kupigana na mfalme Jugurtha Afrika Kaskazini, akawaandikisha wasio na mali. Kwa upande wa jeshi alifanya busara, siwezi kumlaumu. Lakini mtu asiye na shamba akimaliza vita anarudi wapi? Seneti haikuwa na jibu. Jemadari alikuwa nalo.

Ndiyo maana nawaambia msikimbilie Rubicon, mto ambao Caesar aliuvuka na jeshi lake kuanza vita dhidi ya wenzake. Nendeni Nola, mji wa kusini mwa Roma lilikokuwa jeshi, mwaka 88 KK. Konsuli Sulla amepewa vita vya Mashariki dhidi ya mfalme Mithridates, vita vyenye utajiri mwingi. Kule mjini siasa zikageuka, vita akapewa Marius. Sulla akawaeleza askari wake, nao wakahofu kwamba Marius ataandikisha wengine, na nyara zitaliwa na hao. Mfuata nyuki hakosi asali, nao nyuki wao walikuwa wamekwisha kumjua. Maofisa waliotumwa kulichukua jeshi wakapigwa mawe. Sulla alipogeuka kuelekea Roma, mwanahistoria wa kale Appian anasema maofisa wake wote walimkimbia isipokuwa mmoja. Askari wa kawaida hawakumkimbia. Walioona aibu kuingia na silaha katika mji wao ni wale wenye cha kupoteza mle ndani.

Caesar yeye alikuta njia imeshalimwa. Mwaka 59 KK alipewa majimbo yake kwa miaka mitano, mwaka 55 KK akaongezewa mingine mitano, katika dola iliyokuwa ikiogopa kumpa mtu zaidi ya mwaka mmoja. Alipovuka Rubicon mwaka 49 KK, askari wake walikuwa wamekula naye, wamezeeka naye, na malipo yao walimdai yeye, si Seneti. Ushujaa wake siukatai. Nakataa tu mnaposema alikuja kuponya ugonjwa, ilhali alikuwa akiishi kwa ugonjwa huo huo.

Kati ya hotuba ya Ligustinus na siku Sulla alipoingia mjini na jeshi kuna miaka 83. Kabla ya mdahalo wenu ujao, niandikieni Seneti ilifanya nini kuhusu ardhi katika miaka hiyo, na ni akina nani waliofaidika kila sheria ilipokwama. Wanaomtetea Caesar waanze wao. Nitayasoma majibu yote, hata ya wale wenye mwandiko mbaya.

Wenu,
Mwalimu mstaafu