Kompyuta nazo zina tarehe ya mwisho

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu wa Kampemba aliandika kwamba, kwa kuwa Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila ofisi hapa Lubumbashi inunue mashine mpya, na isiyoweza ihamie yote kwa siku moja kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure (yaani programu kuu inayoendesha kompyuta), seva inayohudumia kompyuta nyingine na kompyuta za mezani pamoja. Mimi ni msimamizi wa stoo na hesabu katika dipo la dawa, Kamalondo. Kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzishika, kompyuta nazo ziliangukia kwangu. Ushauri wake nakubali nusu.

Katoni ikiingia kwetu, kabla ya kusoma jina la kiwanda tunatafuta tarehe ya mwisho. Mfumo endeshi nao unayo, na mwenye kuutengeneza huitangaza mapema, ila wanunuzi hawaiulizi. Windows 7 ilikwisha Januari 2020. Windows Server 2012, ile Windows ya seva, ilikwisha Oktoba 2023, na ile ya 2016 itakwisha Januari 2027. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, katika toleo lake la muda mrefu hupewa miaka 5 ya matunzo. Debian, Linux nyingine, hupewa miaka 3, kisha kundi jingine huitunza 2 zaidi. Tarehe ikipita, mashine haizimiki, inawaka asubuhi kama kawaida, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Tundu la usalama likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Hata aliye ndani ya tarehe anaweza kuumia akizima masasisho: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya hospitali za Uingereza, wakati kiraka cha Windows, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetolewa tangu Machi.

Msomaji wa Kampemba anaamini kwamba cha bure hakimwachi mtu njiani. Aulize waliokuwa na CentOS 8, Linux ya bure iliyokuwa chini ya kampuni ya Red Hat. Waliahidiwa matunzo hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat ikatangaza kwamba yatakoma mwisho wa 2021. Watu walioweka seva zao upya mwaka uleule walilazimika kuhama, wengi wakaenda AlmaLinux au Rocky Linux, ambazo zilizaliwa kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mimi huuliza pia ni nani aliyeiandika tarehe, na kama anaweza kuifuta peke yake. Debian iko tangu 1993, inaendeshwa na watu wa kujitolea, haina kampuni inayoimiliki. Hilo ndilo lililonifanya niichague kwa seva.

Na seva yetu msifikirie mtambo mkubwa. Ni kompyuta ya ofisi ya zamani, haina skrini, imewekwa juu ya rafu mbali na maji. Inatunza hifadhidata ya stoo kwa programu ya PostgreSQL, inagawa folda ya fakturi (ankara) kwa meza zote kwa programu ya Samba, na usiku inanakili kila kitu kwenye diski ya nje ambayo patrone, bosi wetu, huenda nayo nyumbani. Bila madirisha na picha za skrini, kumbukumbu kidogo inaitosha. Nimeiagiza ichukue viraka vya usalama tu, yenyewe, usiku, na mega zinazoliwa ni chache. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa simu, jambo hili lina uzito kuliko mabishano yote ya wataalamu.

Kuhusu umeme niseme wazi, maana kuna vijana wanaouza Linux kwa kudai haiogopi kukatika kwa umeme. Inaogopa. Mfumo wake wa mafaili, ext4, huandika kwanza daftari la mabadiliko, kwa hiyo mashine ikizimika ghafla huamka bila kuchanganyikiwa sana. Lakini NTFS ya Windows nayo ina daftari kama hilo. Kilichokuwa bado kumbukumbuni hakijafika diskini kinapotea katika zote mbili. Nunueni betri ya akiba kabla ya kubishana.

Kwenye meza mambo ni mengine kabisa. Programu yetu ya hesabu inafuata taratibu za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambamo Kongo imo tangu 2012, na inakubali Windows peke yake. Njia za kuilazimisha ikimbie ndani ya Linux zipo, lakini wakati wa kufunga hesabu za mwaka sitaki kumpigia simu muuzaji wa programu aniambie hilo si lake. Meza hiyo itabaki na Windows, yenye leseni. Meza mbili za kupokea oda zinatumia kivinjari na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, tu; hizo nimezipa Linux Mint 22, inayotunzwa hadi 2029, na kazi inaendelea. Malalamiko yaliyokuja yalikuwa ya kibodi, maana mashine za Dubai zinakuja na herufi za Kiingereza na vidole vyetu vimefundishwa AZERTY, mpangilio wa Kifaransa. Hilo lingetokea hata kwenye Windows.

Meza ya hesabu basi ihamie Windows 11, na hapa ndipo msomaji wa Kampemba ana haki: mashine nyingi tulizonazo haziwezi. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa (ubongo wa kompyuta) za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Kuongezewa muda kwenye Windows 10 kunawezekana, lakini kwa kampuni ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka, hadi mwaka wa tatu. Ukikokotoa, utaona ni heri kubadilisha mashine moja kuliko kulipia zote.

Ila kubadilisha kwa macho. Muuzaji atakuambia "Mama, hii ni Core i5", na kibandiko kinasema hivyo kweli. Core i5 zinatengenezwa tangu 2009! Washa mashine, fungua maelezo ya mfumo, soma namba yote. i5-4590 ni kizazi cha 4, haifai. i5-8500 ni cha 8, inafaa. i5-10400 ni cha 10. Wengine wanaweka Windows 11 kwa nguvu kwenye ile ya 4 wakiruka ukaguzi, nayo inawaka vizuri mbele yako, lakini Microsoft imesema mashine za namna hiyo haziahidiwi masasisho. Na yule anayetembea na flashi ya kufungulia Windows bila leseni, ambaye jambo lake la kwanza ni kukuomba uzime kinga ya virusi, mimi simruhusu kupita kaunta.

Linabaki swali la nani atatengeneza nisipokuwepo. Mafundi wa Windows ni wengi mjini, wa Debian unawatafuta. Nimeandika hatua zote kwenye daftari kwa Kifaransa, nywila ziko kwenye bahasha kwa patrone, na nimemwomba kijana aliyesomea informatiki aisimamishe seva upya kutoka kwenye nakala, mimi nikiwa nimekaa kimya. Ofisi isiyo na mtu wa namna hiyo ilipie Windows Server na fundi wake, nami sitaicheka.

Kwa wauzaji wa mashine za mitumba nina ombi moja: kwenye karatasi ya bei andikeni namba yote ya prosesa, si "Core i5" tu.

Msimamizi wa stoo,
Kamalondo, Lubumbashi