Rehema, njoo Gombe tuangalie ndege

Rehema shoga yangu,

Za Tabora? Mama anaendeleaje na goti? Mpe shikamoo yangu na umwambie mawese yake nimeshapata, dumu la lita tano, nasubiri tu mtu wa kuaminika anayepanda treni. Huku Kigoma hatujambo, mvua zimeanza, umeme unakatika unavyojisikia, na mi nimerudi majuzi kutoka hifadhi ya Gombe kifua kimejaa maneno kwa hiyo ntakuwa naruka ruka, we nisome tu hivyo hivyo.

Meseji yako niliiona, eti "sokwe wanasemaje huko?" Sokwe sikuwafuata. Nilienda kuangalia ndege. Na usicheke maana dada wa mapokezi alishacheka kwa niaba yako, akaniuliza mara ya pili kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika, nina darubini ya kuazima na kitabu cha ndege na siku zangu za likizo, akasema basi ngoja nikuitie kaka mmoja anayewapenda hao. Na kweli alikuwa anawapenda, kijana wa vijiji vya kule kule, anatembea mkono mmoja nyuma anasikiliza kwanza ndo anaangalia.

Watu wakisikia Gombe wanawaza sokwe na Jane Goodall tu, na sawa, mama wa watu alifika pale Julai 1960 akiwa na miaka 26, na mpaka anafariki Oktoba 2025 huwezi kulitaja jina lake usitaje na Gombe. Sina ugomvi na hilo. Ila kuwafuata sokwe ni kazi shoga, ile milima imesimama wima, wao wanapita juu ya miti we unatambaa chini na mizizi, ukiwapata unaruhusiwa kukaa nao lisaa limoja, na ukiwa na mafua hata kuwasogelea hawakuruhusu kwa sababu wanaambukizwa magonjwa yetu. Ndege hawana masharti hayo. Unakaa unakunywa chai wanakuja wenyewe.

Safari yenyewe unaanzia Kibirizi, si unapakumbuka, pale wanapoanika dagaa, japo Ziwa Tanganyika lilivyopanda miaka hii limekula kipande kizuri cha ule ufukwe. Boti za abiria zinaondoka mchana zikishajaa, na kujaa kwenyewe ni magunia, kuku, madumu, magodoro, wamama na watoto wao, na juu hamna paa kwa hiyo beba mwavuli wa jua na wa mvua. Safari ni kama masaa matatu hivi injini isipoleta deko. Barabara ya kwenda Gombe hamna na ndani ya hifadhi pia hamna gari hata moja, ni miguu tu, na mi nadhani hiyo ndo sababu kubwa ya utulivu wa pale maana hifadhi yenyewe ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 60. Kule kwenye magari unaona simba mmoja na landkruza kumi na tano zimemzunguka. Hapa hata kikohozi cha mtu wa chumba cha pili unakisikia.

Sasa nikupe ya ufukweni kwanza. Pale Kasekela, kambi ya hifadhi wanapofikia wageni, asubuhi kuna wadiria, wale weupe na weusi wenye mdomo mrefu, unawaona hata Kigoma mjini ila hujawahi kuwaangalia, naapa hujawahi. Kwa darubini ni kitu kingine kabisa. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga mpaka huyaoni, mkia umeshuka, lakini kichwa Rehema, kichwa hakitikisiki hata kidogo, mdomo umeelekea chini, anapima. Halafu anajiachia. Anatoka na kisamaki anakwenda nacho kwenye ukingo wa mtumbwi, anakipiga kulia, anakipiga kushoto, paa paa paa mpaka kimetulia, anakigeuza kichwa kitangulie ndo anameza. Dume ana mikanda miwili meusi kifuani, jike ana mmoja na wenyewe haujafunga katikati, kwa hiyo ukishajua hilo unaanza kufuatilia nani mume wa nani na asubuhi yote imekwisha hujafanya kitu.

Ila huyu nnayetaka kukuambia hasa ni tumbusi. Najua, tumbusi, unawaza mizoga na machinjioni. Huyu hapana. Huyu anakula chikichi! Yaani tumbusi kabisa, ukoo ule ule, lakini chakula chake kikubwa ni matunda ya mchikichi, akikosa ndo anaokota kaa na samaki waliokufa ufukweni. Wazungu wanatoka kwao wakiwa wamemwandika kwenye daftari wanamtafuta, sisi tumekua naye na tunasema "tai huyo" tunapita.

Kule mabondeni Gombe bado kuna michikichi iliyobaki tangu enzi za watu walioishi humo kabla hapajawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Yule kaka akanisimamisha chini ya mmoja, akanionyesha kwa kidevu tu. Alikuwa amekaa kwenye kuti, mweupe mwili mzima, mabawa meusi, na usoni hana manyoya, kuna ngozi nyekundu imezunguka jicho utadhani hajalala. Chikichi ameikanyaga kwa mguu mmoja, anachuna ile nyama ya juu kwa mdomo, taratibu, nyuzi kwa nyuzi, mdomo umeloa mafuta ya rangi ya chungwa. Akimaliza kokwa anaiacha inaanguka, tukaisikia ikigonga mawe. Sokwe wa Gombe nao hivyo hivyo, wanakula nyama ya chikichi kokwa hawana habari nayo, wakati sokwe wa Afrika Magharibi kuna wanaozipasua kwa mawe. Kwa hiyo tumbusi na sokwe wa Gombe wote mise, ile mbegu ya ndani ya kokwa, hawaigusi, mise wamewaachia mama zetu wa Kigoma.

Nikawa nawaza maana unajua huku kwetu tangu 2018 serikali imeshika bango la michikichi, miche ya kituo cha utafiti cha Kihinga imegawiwa kila mahali, ile tenera ambayo ganda lake jembamba na nyama nyingi. Nikamwambia yule kaka, basi tumbusi naye kaboreshewa. Akacheka sana. Lakini si utani mtupu, kwa sababu ndege huyu anapenda kukaa penye michikichi, pasipo na michikichi ni nadra kumuona, na ndo maana kwenu Tabora kwenye miombo hata ukeshe na darubini nadhani utaishia kuwaona wale wengine wa mizoga.

Usimchanganye na furukombe lakini. Wote wana weupe mwingi na wote wanakaa karibu na maji, watu wengi wanawachanganya. Furukombe kichwa na kifua vyeupe ila tumbo limeiva rangi ya kahawia nyekundu, tumbusi wa chikichi tumbo jeupe. Na vijana wa tumbusi huyu ni wa kahawia wote, inawachukua miaka kadhaa kuwa weupe, kwa hiyo ukiona likubwa la kahawia usiniite kwa haraka, kaa nalo kwanza. Furukombe ukitaka kumjua bila kumuona subiri apige kelele, anatupa kichwa nyuma kabisa mpaka mgongoni, na mwenzake anamjibu kutoka mti mwingine.

Msituni sitakudanganya, msituni ni shida. Majani yamefunga, shingo inauma, unasikia ndege hamsini unaona mkia wa mmoja. Hapo ndo utajua thamani ya mtu anayejua sauti. Tulipanda mpaka karibu na maporomoko ya Kakombe, njiani kuna kitu kikawa kinalia juu huko kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa, mi nikashtuka kweli, kumbe hondohondo. Tulimpata baadaye anaruka, lile pembe lake juu ya mdomo, mabawa yanavuma unasikia hewa inakatwa. Jike lake likitaka kutaga linaingia kwenye tundu la mti linajiziba humo humo, linaacha upenyo mwembamba tu, na mume ndo analeta chakula kwenye huo upenyo mpaka vifaranga vikue. Nilivyoambiwa hivyo nikasema huyu mume nimjue jina, yule kaka akanywea.

Shorobo nilimuona mara moja na kwa sekunde chache. Wa zambarau, mdomo wa njano, kwenye mti anakimbia kimbia juu ya tawi utafikiri si ndege, ukasema ni mnyama mweusi tu hivi, halafu akaruka na ndani ya mabawa ikafunguka rangi nyekundu, nyekundu kweli kweli. Ile rangi ina madini ya shaba ndani yake, ni ndege wa ukoo wake tu ndo wanayo. Sekunde nne. Nimezipandia mlima kwa masaa na nitazipandia tena.

Halafu kuna kadogo kamoja hakahitaji kupanda popote, kako pale pale nyuma ya jiko, kanaokota punje chini na kifaranga chake. Kifua chekundu, tumbo jeusi limedondoshewa nukta nyeupe zimepangwa. Sijui wanamwitaje huku, kwenye kitabu wana jina refu. Mpishi anasema yupo kila siku na hamna mtu aliyewahi kumuulizia. Ndo hapo mi nnapoona wanaotangaza utalii wetu wanajipunja, Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100, Gombe peke yake zinapita 200, lakini bango lote ni sokwe sokwe sokwe, mgeni akiwakosa anarudi amenuna amepita juu ya kadege kale na hajakaona.

Sasa mipango. Nataka uje Desemba shule zikifungwa. Kata treni, unashuka mwisho wa reli nakupokea, unalala kwangu siku moja unapumzisha mgongo halafu tunaenda Kibirizi. Chakula tutabeba wenyewe, mchele, maharage, ndizi, na dagaa tutanunua mbichi, jiko lipo. Mlango usiuache wazi hata ukienda kunawa, nyani wa pale ufukweni ni wezi waliosomea, kuna mgeni mmoja walimchukulia mkate mzima mezani na jamaa ameukodolea macho. Kupanda milimani lazima mwe na mwongoza njia, ufukweni unaruhusiwa kutembea mwenyewe. Nguo usilete zile zako za njano, leta kijani, kahawia, kijivu. Tutakuwa tunaamka saa kumi na moja na nusu maana ikifika saa nne jua limekuwa kali ndege wote wamenyamaza, huo ndo muda wa kulala na umbea.

Darubini ipo moja, tutapokezana, ila muulize yule binamu yako aliyekuwa anafanya kazi porini kama bado anayo yake. Na usije mikono mitupu, nataka asali ya Tabora, ile nyeusi, na karanga za kukaanga za mama.

Tarehe nijulishe mapema kwa sababu vyumba vya hifadhi ni vichache, malipo yanafanywa kwa kontrol namba, nikishaitoa lazima tulipe.

Nakusubiri,
Zuhura

NB: Leta soksi ndefu uchomekee suruali ndani. Njia za juu zina siafu na hawaulizi umetoka mkoa gani.