Maskati au Ujerumani: barua kwa Mwanajuma

Hannover, Ujerumani
9 Novemba 2025

Shoga yangu Mwanajuma,

Assalaamu alaikum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu nyinyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. (Mwalimu wetu wa darasa la sita angenipa kumi kwa kumi hapo.) Najua umeninunia. Jumbe zako tatu za sauti nilizisikiliza, ile ya dakika kumi na moja nikairudia, na bado nikanyamaza wiki tatu. Si kiburi. Nilikuwa zamu ya usiku, na hilo la mdogo wako Zuhura, aende Maskati na yule ajenti au atafute njia ya Ujerumani, si jambo la kujibiwa kwa "haya, mwambie aende" huku natafuna mkate kituoni. Leo ni Jumapili, maduka yamefungwa mji mzima, hata kinu siwezi kutwanga. Sababu ya kinu nitakueleza. Basi keti.

Umeniuliza: wewe uliyekaa kote kuwili, wapi kuna maisha?

Swali lako lina mtego, maana kazi yangu imekuwa ni ile ile. Watu wakisikia Oman wanasema kadama, mtumishi wa nyumbani, wanasikitika. Wakisikia Ujerumani wanasema muuguzi, wanatoa macho. Lakini mikono yangu haijui tofauti. Maskati nilimwogesha bibi kizee mmoja miaka miwili, hapa, kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha wanane kabla ya saa nne asubuhi. Maji vuguvugu, unaanza uso, miguu mwisho, unapangusa katikati ya vidole hadi pakauke. Ngozi ya mzee ni ngozi ya mzee.

Tuanze na pesa, najua Zuhura ndilo analotaka kusikia. Maskati nilikuwa napata riale 80. Riale yao imefungwa na dola, moja ni dola mbili na senti sitini, haipandi haishuki, kwa hivyo 80 zile zamani hizo zilikuwa kama shilingi elfu ishirini na moja za Kenya. Ndogo, naam. Lakini haikukatwa hata baisa, senti yao. Chakula chao, kitanda chao, sabuni yao. Mwisho wa mwezi nilituma 70 na kubaki na kumi za vocha na mahitaji ya kike. Lile paa jekundu la mamangu unalolipita kila siku ni riale hizo. Kodi ya mapato kule hakuna kabisa. Mwaka huu wa 2025 wametangaza ya asilimia 5 kuanzia 2028, tena kwa anayepata zaidi ya riale 42,000 kwa mwaka. Kadama wa 80 na alale usingizi.

Hapa karatasi yangu ya mshahara juu inasema yuro 2,900 na ushei. Ya kwanza ilipokuja nilimpigia Rukia nikilia kwa furaha, kabla sijafika mstari wa chini: 1,950. Kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, na bima ya kuuguzwa uzeeni, ambayo sisi tusio na watoto tunakatwa kidogo zaidi. Naam, hata kutozaa hapa kuna bei, usimwambie mamangu atapata la kusema. Toa yuro 640 za chumba, na maji na joto ndani yake. Toa 58 za tikiti ya mwezi, bei ya 2025, ingawa hiyo siilalamikii, napanda basi, tramu na treni za kawaida nchi nzima. Toa 18.36 za redio na televisheni ya umma, uwe na televisheni usiwe nayo. Chakula, simu, viatu vya baridi. Ninachoweza kutuma bila kujinyonga ni 250. Zile riale 70 zilikuwa kama yuro 160. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka mzima wa mafunzo, cheti chenye muhuri, na ninachotuma hakijafika hata mara mbili ya nilichotuma nikiwa kadama.

Na huko wanaona naogelea. Kakangu juzi kaniandikia habari za pikipiki. Nimemjibu kwa picha ya karatasi ya mshahara, hajajibu hadi leo.

Sasa makato hayo. Februari niliteleza kwenye barafu nikavunjika kifundo cha mkono. Nilipasuliwa, nikalala hospitali siku tatu, nikalipa yuro kumi kwa siku. Thelathini, basi. Nikakaa nyumbani wiki sita na mshahara ukaingia mzima, maana sheria inamlazimisha mwajiri kukulipa wiki sita ukiugua. Nilikuwa naangalia simu kila mwisho wa mwezi nikingoja wanikate. Hawakukata.

Maskati nilivimba jino, na kesho yake nilideki kama kawaida.

Lakini subiri, usikimbilie kumwambia Zuhura hapo. Jino lile ndilo lililonifanya nimpende bi mkubwa, yule bibi kizee niliyekuwa namwogesha. Hakuweza kusimama, lakini aliniita kitandani kwake, akanifungulia mkebe wake wa karafuu kwa mkono unaotetemeka, akaniambia niibane moja pale panapouma, akanisomea dua. Yeye alizaliwa Unguja, akatoka 1964 akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, cha "ati mwanangu" na "hebu nipa". Hili watu wa bara hawalijui: unashuka Maskati unajua umeingia ugenini, kisha mwenye duka la vitambaa anakuuliza bei unayotaka kwa Kiswahili. Mandazi wanayaita mandazi. Mishkaki inachomwa kando ya barabara jioni kama kwetu. Ukitaka chai unasimamisha gari mbele ya mkahawa, unapiga honi, kijana anakuletea hadi dirishani (nilikuwa kiti cha nyuma na bi mkubwa, lakini nilikunywa). Ijumaa nyumba inajaa, wana, wajukuu, sinia moja la wali, na bi mkubwa hali mpaka aulize, "huyu wetu kishakula?" Huyu wetu ni mimi.

Na pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa mwanawe, chini ya vilemba vilivyokunjwa. Niliiona siku moja nikipanga nguo. Niliishika. Nikaisikiliza nyumba, kimya, wote wamelala mchana kwa joto. Nikairudisha palepale na kulainisha kilemba juu yake.

Sheria yao wenyewe haimruhusu mwajiri kukushikia pasipoti. Nilikuja kulijua hilo nikiwa tayari nimerudi Mombasa. Na hata sheria mpya ya kazi waliyotoa 2023 haikuwaingiza wafanyakazi wa nyumbani, wao wana kanuni zao kando. Siku za mapumziko nilizotoka miaka miwili ile sijui kama zilifika kumi. Je, bi mkubwa alijua habari ya kabati? Nimejiuliza mara nyingi. Akisoma Yasini usiku alikuwa ananitaja kwa jina, mimi na mamangu. Mtu anayekutaja hivyo... basi, tuache.

Hapa hakuna anayenishikia chochote. Mkataba wangu una kurasa kumi na mbili, saa 38 na nusu kwa wiki, likizo siku 30. Sheria yenyewe inataka zisipungue 20 kwa anayefanya kazi siku tano. Nikimaliza muda naweza kuomba uraia, siku hizi ni miaka mitano, na wameruhusu uwe na uraia wa kwenu pia, na Kenya nayo iliruhusu tangu katiba ya 2010. Oman mkataba ukiisha unafungasha, iwe uliitwa "huyu wetu" au hukuitwa.

Lakini kwenye jengo letu majirani nawajua kwa majina ya kengele. Sasa kinu: Jumapili moja saa nane mchana nilikuwa natwanga thomu na pilipili. Jioni nikakuta karatasi mlangoni, mwandiko mzuri wa kalamu ya wino: jirani mpendwa, Jumapili ni siku ya utulivu, tafadhali uzingatie, na salamu za kirafiki. Salamu za kirafiki, Mwanajuma! Kwetu mtu angegonga mlango aulize unapika nini na ataletewa saa ngapi. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikavunjika mkono, na jirani huyo huyo akanifagilia theluji zamu yangu ilipofika, wiki zote nilizokaa nyumbani, na siku moja akanitundikia mkate wa moto kwenye kitasa. Hakugonga. Sijui nimwite mkali au mwema. Sasa natwanga Jumamosi.

Na wazee wao wenyewe. Ninaye bibi mmoja, alikuwa mwalimu wa hisabati, ananirekebisha Kijerumani changu huku namvalisha soksi. Nyumba ya wazee hapa, ukiondoa ile sehemu ya bima, mwenyewe analipa yuro 3,000 na ushei kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, huo ndio wastani wa nchi. Umesikia? Zaidi ya mshahara wangu kabla ya makato. Pensheni yake haifiki, ameuza nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Nilimwuliza kwa nini hakai kwa bintiye, mji si mbali. Akaniangalia kama nimemtusi. Hataki kumbebesha bintiye mzigo, akasema, kila mtu na maisha yake. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. Kisha saa kumi na moja na nusu nikampelekea chakula cha usiku: mkate baridi, jibini, tango lililokatwa. Chakula cha moto ni mchana tu. Hilo bado linanishinda.

Bi mkubwa wa Maskati neno "mzigo" asingelielewa hivyo. Wanawe wanne waligombana Ramadhani iingie akiwa kwa nani. Ningetamani mamangu azeeke vile. Ila tusiwapambe sana: aliyeamka saa nane za usiku kumgeuza ubavu alikuwa nani? Si wanawe. Wao walikuwa na mapenzi, mimi nilikuwa na mgongo. Huku wana wa bibi yangu hawako, lakini anayemgeuza amesomea, analipwa saa za usiku kwa nyongeza, na akiumia mgongo kuna karatasi ya kujaza. Nikiwaza hivyo naona Ujerumani ni bora. Kisha Krismasi inakaribia, jua linazama saa kumi alasiri, nafungua mlango wa chumba changu na hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Basi Zuhura. Mimi ningekuwa yeye ningebaki Mombasa mwaka mmoja nisome Kijerumani, hata kama ajenti ana tikiti mkononi. Si kwa sababu ya pesa, hizo nimeshakuonyesha. Ni kwa sababu ya lile kabati. Mimi nilipata nyumba yenye bi mkubwa. Mwenzangu tuliyepanda naye ndege alipata nyumba nyingine, na yaliyomkuta unayajua, sitayaandika. Ukifika ndipo unajua umepata ipi, na ukishajua hushuki.

Lakini asidanganywe na upande huu pia. Mkataba wa Kenya na Ujerumani wa Septemba 2024 upo, lakini zile "nafasi 250,000" zilizosambaa, serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha. Anayemuuzia nafasi kwenye hizo anamuuzia upepo. Mlango ni lugha. Mimi ilinichukua mwaka, nilianguka mtihani mara moja, nikalia, nikarudia. Ada niliilipa kwa riale za bi mkubwa, ndivyo ilivyokuwa, siwezi kujifanya Oman haikunipa kitu.

Nina ombi. Kabla Zuhura hajaweka sahihi, nipigie picha mkataba, kila ukurasa, hata ule wa Kiarabu. Mwangalie ajenti kama yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, usimwamini kwa kibandiko cha mlangoni. Nyumba anayopelekwa ina watu wangapi? Kuna mgonjwa? Siku ya mapumziko imeandikwa au imesemwa tu? Pasipoti atakaa nayo nani? Na ameshalipa chochote? Nakuuliza kwa sababu sauti yako ya dakika kumi na moja ilirukaruka kila ulipofika kwenye pesa.

Na yeye mwenyewe anasemaje? Umemuuliza mbele ya mamako, au mkiwa wawili? Alipata gredi gani kidato cha nne, C au C kasoro? Anaweza kukaa mezani miezi minane na vitenzi visivyo na huruma? Kile kisukari cha mamako kimetulia? Fundi alirudi kuziba pale paa linapovuja, au amekula pesa? Na mwanao anatembea sasa?

Leso yangu ya zambarau iko kwako au kwa Rukia? Rukia anakuja huku Januari, mpe aniletee, na achari ya maembe chupa mbili, uzifunge vizuri maana mara ya mwisho zilimwagika kwenye kitabu cha watu.

Wako,
Mwanaisha