YAH: Nyuzi za picha ya marehemu mama yangu

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo.

Seti ya kudarizi mliyonitengenezea kutokana na picha imeweka uzi namba 310, nyeusi tupu, kwenye mashavu ya mama yangu. Kwenye mashavu! Picha niliyowapa ilipigwa nje, mchana, na uso unaonekana wazi: kahawia yenye wekundu kwa ndani, na mng'ao kwenye paji. DMC, watengenezaji wa nyuzi, wana namba 938, 898, 801, 433 na 434, kahawia zinazopanda taratibu kutoka iliyokolea, na kwa kivuli kizito ipo 3371. Sikuona hata moja. Programu yenu ya kugawa rangi imezimaliza kwenye maua ya gauni, uso ukaachiwa nyeusi na kijivu.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mama, mtu mweusi si ni mweusi? Wewe darizi tu." Akacheka. Na mwenzake pembeni naye akacheka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewatumia barua pepe pamoja na picha za kitambaa. Mkajibu kwamba kazi hizi "hupendeza zikitazamwa kwa mbali". Nimetazama kwa mbali mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ni doa jeusi lenye meno.

Turudi kwenye simu. Nilimwambia huyo kijana kwamba anayedariziwa ni marehemu. Nililitamka wazi. Akijua hivyo, ndipo akaniambia mtu mweusi si ni mweusi, na wakacheka wawili. Ndivyo mnavyowafundisha?

Nataka chati mpya, yaani ramani ya mishono na rangi zake, uso ugawiwe rangi kabla ya gauni, na zichaguliwe na mtu mwenye macho akiwa na nyuzi mkononi, kwenye mwanga wa mchana. Nyuzi hizo mlete bure. Na kitambaa kipya, maana ukifumua uzi mweusi kwenye Aida nyeupe, kitambaa chenye matundu ya kudarizia, manyoya ya uzi hubaki kwenye matundu hayo. Tena nikifikiria vizuri, rudisheni na pesa yangu yote. Na mhudumu yule aniombe radhi kwa maandishi, kwa jina lake, siyo "timu yetu inasikitika".

Nawapa siku 7. Mkinyamaza, barua hii naipeleka kwa wanaolinda haki za walaji, na kwa wakili. Simu mnarekodi wenyewe, mlitangaza kabla hajapokea. Msije mkaifuta.

Namba ya oda mnayo.

Mteja wenu, kwa sasa.