Volti 12 zataka waya mnene kuliko volti 240

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie lawama inayosikika kila baraza hapa Lamu, kwamba betri za sola zinazouzwa siku hizi ni mbovu na hazimalizi mwaka. Sikatai kwamba mbovu zipo. Lakini mimi mwenyewe nimeuza betri mbili nzima kwa bei ya vyuma chakavu kabla ya kugundua kwamba mwenye kosa alikuwa waya, na sidhani kwamba niko peke yangu.

Nina shamba upande wa Matondoni, na jikoni nimeweka friji ndogo ya volti 12, ya wati 60. Betri ilikaa stoo, mita 20 kutoka jikoni, na fundi aliyenifungia alitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule ule anaofungia taa katika nyumba za mjini. Mchana, jua likiwaka, friji ilifanya kazi vizuri. Usiku ilikuwa ikinguruma kidogo, inazima, inanguruma tena, inazima, mpaka asubuhi samaki ananuka. Fundi alikuja na mita, akapima kwenye nyaya za friji, akapata volti 12.5, na stooni vilevile akapata 12.5. Akasema waya unaleta umeme wote, kwa hiyo betri ndiyo haishiki chaji. Nikanunua nyingine, kisha nyingine.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye alifanya jambo moja tu ambalo fundi hakulifanya: alisubiri friji ingurume, ndipo akapima. Kwenye betri alipata volti 12.4. Kwenye friji alipata 10.1. Ilipozima, kipimo kikarudi juu kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilifundisha sayansi ya msingi kwa miaka mingi na niliona haya kulielewa jambo hili nikiwa mstaafu. Volti ni kama kimo cha tangi la maji lililo darini: ndizo zinazosukuma. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, nao ndio mkondo. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni ule ugumu ambao waya unauwekea mkondo, na hupungua waya ukiwa mnene, hukua ukiwa mrefu. Mjerumani Georg Simon Ohm alieleza uhusiano wa vitu hivi vitatu mwaka 1827: volti zinazopotelea njiani ni ampea mara omu. Mkondo usipopita, ampea ni sifuri, na sifuri mara chochote ni sifuri. Ndiyo maana fundi, aliyepima friji ikiwa imezima, aliona volti zote zimefika salama.

Mfano wa tangi unachechemea mahali pamoja, na hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu. Maji yakishatoka bombani yamekwenda zake, lakini umeme hauna budi kurudi betrini kwa waya wa pili, ama sivyo saketi haijatimia na hakuna kinachopita. Kwa hiyo mita zangu 20 zilikuwa 40. Waya wa shaba wa unene ule, kwa mita 40, una ukinzani wa karibu omu 0.46. Friji ya wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5. Zidisha, utapata volti 2.3, zile zile alizozikosa mpwa wangu, ambazo zilikuwa zikiishia kuupasha waya joto. Friji za namna hii zina kinga inayozizima volti zikishuka mno, ili betri isikaushwe. Ikizima, mkondo unakoma, volti zinapanda, friji inadhani betri imepata nguvu, inawaka tena. Mchana betri iliyo kwenye chaji hupanda hadi volti 14 hivi, na upotevu ule haukuonekana.

Sasa mtazame fundi wa mjini. Kifaa cha wati 60 kwa umeme wa volti 240 huvuta robo ya ampea tu, na katika waya ule ule kingepoteza volti 0.115, jambo ambalo hakuna awezaye kuliona. Mazoea hayo ndiyo anayoyabeba shambani, akiamini kwamba volti kidogo zatosheka na waya mwembamba, kumbe ni kinyume. Nilibadilisha nikaweka waya wa milimita 6 za mraba, upotevu ukashuka hadi karibu volti 0.6. Waya ule ni ghali, lakini haukufikia bei ya betri moja.

Wenye boti nao wanajua shida hii kwa sura nyingine. Stata ya injini huvuta ampea 100 na zaidi, na kiungo kilichoshika ukoko wa kijani kikiwa na omu 0.02 tu, volti 2 zimekwisha kabla ya kuifikia injini. Nahodha hugonga kichwa cha betri kwa spana, injini ikawaka, akasema betri imezeeka. Chumvi yetu haina huruma: Mwitalia Alessandro Volta alipotengeneza betri yake ya kwanza, mwaka 1800, alitumia vipande vya metali mbili tofauti na kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, na umande wa bahari unapokaa kati ya shaba ya waya na risasi ya kichwa cha betri hufanya kazi iyo hiyo, ukiila metali moja polepole. Msasa, kisha grisi juu yake, vyatosha.

Neno la mwisho ni la fyuzi. Volti 12 hazimrushi mtu, na kwa sababu hiyo nimeona nyumba za makuti ambazo betri imeunganishwa moja kwa moja bila fyuzi. Betri ya risasi ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwa mwekundu papo hapo. Fyuzi iwekwe karibu na betri, si jikoni, kwa sababu kinacholindwa ni waya wote.

Naomba wauza vifaa vya sola wa hapa kwetu wamuulize mnunuzi maswali mawili kabla ya kumkatia waya: kifaa chako ni wati ngapi, na kutoka betrini hadi kilipo ni mita ngapi? Mimi sikuulizwa hata moja, mara zote tatu.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu