Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka umekwisha salama. Ziara za kuangalia ndege katika hifadhi yetu ya ardhioevu zimefanyika, takataka zimeopolewa mferejini, mbao zilizooza njiani zimebadilishwa. Tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhioevu Duniani, inayokumbusha kutiwa saini kwa Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 1971, tulipokea wanafunzi. Hayo mliyaona wenyewe.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kufunga njia ya matete wakati ndege wanapotaga, na ziara zote kuwa za alfajiri, watu wasiozidi 12 kwa kundi. Najua yaliyosemwa. Wapo waliodai mwenyekiti ameifanya hifadhi mali yake. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikalipitisha, nami nalisimamia.

Ndugu zangu, hifadhi yetu iko katikati ya mji. Huko kwenye mabwawa makubwa, ndege akishtuliwa huhamia upande wa pili. Hapa upande wa pili ni barabara. Yangeyange akiruka kutoka kiotani, mayai hubaki juani, na kunguru, ambao mjini hawakosekani, huyawahi kabla mwenyewe hajarudi. Ndege wahamaji wanaochokonoa tope nao huja kujaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa wanayapoteza bure. Kundi la watu 40 wanaozungumza kwa sauti linatosha kuharibu asubuhi nzima ya kula.

Kuhusu saa: waliokuja mchana ndio hao hao waliolalamika kwamba hawakuona ndege. Jua likipanda, ndege wengi hujificha kivulini. Alfajiri hata mgeni asiye na darubini humwona mdiria akipiga mbizi. Na msimu huu makinda ya yangeyange yameonekana kwenye matete tuliyoyafunga. Hilo kwangu ni jibu tosha.

Linaloniumiza ni mahudhurio. Kikao kilichojadili suala hili kilitangazwa mapema, lakini akidi ilipatikana kwa taabu. Waliolalamika kwa sauti kubwa baadaye, wengi wao hawakufika. Ada ndiyo usiseme: zaidi ya nusu yetu tunadaiwa, wengine kwa miaka miwili. Ada hiyo ndiyo inayonunua mbao, buti za mpira na glavu za kuokotea taka. Usafiri wa wale wanafunzi niliulipia mwenyewe, na sijadai kurejeshewa.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kujenga kibanda cha kuangalizia ndege, kupunguza magugu maji, na kuendelea kuzungumza na mamlaka ya mji juu ya maji machafu yanayoingia bwawani. Tarehe na gharama tutawajulisha.

Mweka hazina yuko karibu na mlango na kitabu chake cha risiti. Kwa mujibu wa katiba yetu, asiyelipa hatapiga kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti