Risala kwa Mgeni Rasmi: Nguzo ya Chetambe Bado Haina Bamba

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, wazee wa mitaa, walimu, wazazi na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu, na tunakushukuru wewe kwa kupanda kilima hiki kwa miguu tangu pale gari liliposhindwa na matope. Karibu Webuye, karibu Chetambe.

Historia tutaipitia haraka. Mwaka 1895, C. W. Hobley, afisa wa utawala wa Waingereza aliyekuwa na kituo chake Mumias, alidai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, watu wa hapa kwetu magharibi mwa Kenya. Askari wa Kisudani waliotumwa kuzichukua waliuawa. Jeshi la Waingereza likaja. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, na waliosalia wakajihami hapa Chetambe, nyuma ya ukuta na handaki. Wengi waliuawa. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini lililopinga ukoloni, aliwaleta wafuasi wake hapa kuwakumbuka mashujaa hao.

Mheshimiwa, kikundi chetu kimepiga hatua kubwa mno. Tumefyeka njia yote, tumepanda miche, tumenunua majembe na toroli, na kila muhula wanafunzi huletwa hapa kusimuliwa na wazee.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukualike. Tafadhali geuka uitazame nguzo iliyo nyuma yako. Akina mama walibeba mchanga na maji vichwani kutoka bondeni, fundi akaijenga bila malipo. Boliti nne unazoziona zilikuwa za kushikia bamba la shaba. Zimeota kutu. Mgeni wetu wa kwanza aliahidi bamba hilo mbele ya umati huu, tukampigia makofi na kumvisha shada. Wa pili alituomba vipimo. Tulimpelekea mara tatu. Tunawaheshimu wote wawili, na hatuna shaka kwamba kazi zao ni nyingi, lakini ahadi ni deni, na wazee watatu waliosikia ahadi ile ya kwanza tumeshawazika.

Kwa sasa wanafunzi huandika kwa makaa juu ya saruji, na mvua huyafuta maandishi yao. Mgeni anayepanda peke yake huona nguzo tupu, akadhani ni alama ya wapima ardhi. Hilo linatuuma sana.

Tunaomba bamba moja, lenye Lubukusu, Kiswahili na Kiingereza. Maneno tumeshayaandika, na wazee wameyapitisha. Tunasisitiza liseme Wabukusu, wala si “Kitosh”, jina ambalo wakoloni waliwaandika nalo. Liseme pia kwamba watu hawa walikuwa wakitetea makwao. Vipimo vimo ndani ya bahasha hii, kwa mara ya nne.

Mheshimiwa, chakula kiko tayari. Kabla hatujakwenda mezani, tunakuomba kwa unyenyekevu uandike kwenye daftari la kikundi tarehe ambayo bamba litafika, kisha utie sahihi. Kalamu anayo mweka hazina.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya kamati.